Sala ya jioni maneno yakiisha: jibu kwa mama wa Nyalenda

Swali: "Mtumishi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyalenda hapa Kisumu na nauza omena (dagaa) soko la Kibuye. Mume wangu alisimamishwa kazi tangu Februari, karo na madeni vinatukaba. Mama yangu amelazwa hospitali. Tumezoea kuomba pamoja kila jioni, lakini siku hizi sala imekuwa mzigo. Naomba mpaka saa nne, saa tano, watoto wanalala kwa sakafu, mume anatoka kukaa nje. Nikimaliza usingizi hauji, na saa nane usiku niko macho naomba tena. Jirani anasema imani yangu ni ndogo, nikeshe zaidi na nipande mbegu, yaani nitoe pesa ili nipate muujiza. Mimi sijui tena nimwambie Mungu nini. Nifanye nini?"

Jibu:

Dada, pole sana. Mume bila kazi, mama kitandani, karo inadaiwa, na bado unaamka kuuza omena. Mtu aliyebeba hayo yote hana haja ya kuambiwa aongeze bidii.

Nikisoma barua yako naona sala moja iliyobebeshwa kazi tatu. Ni kikao cha madeni, ni ibada ya watoto, na ni kilio chako wewe mwenyewe kwa Mungu. Yote matatu yamesukumwa ndani ya saa moja ile ile, mwili ukiwa umechoka na stima pengine imepotea. Ndiyo maana haiishi. Kila ukikaribia kusema amina, lingine linakumbuka kujitokeza. Nitakuomba uyatenganishe: madeni yaende kwenye daftari kabla ya chakula, sala ya nyumba iwe dakika 12, na kilio chako kipate mahali pake peke yake. Kati ya hayo, la katikati ndilo fupi kuliko ulivyozoea, na najua ndilo litakalokusumbua dhamiri. Nitalirudia.

Anza na daftari. Daftari la shilingi 20 linatosha. Ukitoka sokoni, kabla hujasonga ugali, keti dakika 10 na mume wako kama atakubali, au peke yako. Andika kila kinachokukaba, kila kimoja mstari wake. Kisha kando ya kila mstari andika hatua moja ndogo ya kesho, yaani jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa miguu au kwa simu. "Karo ya shule" ukiliacha hivyo ni jinamizi tu. "Kesho saa mbili niende kwa mhasibu wa shule, niombe kulipa kidogo kidogo, nianze na 1,000" ni kazi. "Mama hospitali" ni hofu. "Nimuulize ndugu yangu kama bima ya afya ya mama (SHA) imelipwa" ni kazi. Yale yasiyo na hatua yoyote ya kesho, kama vile mama kupona, yaandikie herufi M, kwa maana ni ya Mungu. Funga daftari, weka juu ya kabati. Mistari ya M ndiyo tu inaingia kwenye sala ya jioni. Ile mingine imeshapata saa yake kesho, na sala si mahali pa kuihesabu upya. Yesu aliposema "yatosha kwa siku maovu yake" hakukataza kupanga. Alikataza kuyala maovu ya kesho leo usiku.

Sasa saa ya sala. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, mwaka mzima, halibadiliki sana. Mnakula saa moja, au saa moja na nusu. Ombeni hapo hapo mkimaliza kula, vyombo vikiwa bado mezani. Ukisema "osheni vyombo kwanza", mmoja atapotelea kwa jirani, wa pili atasinzia, na wewe utakuwa umeshaona ujumbe wa deni kwenye simu. Sala ya saa tatu usiku hushindana na usingizi, na mtoto wa miaka sita akishindana na usingizi anashindwa; kisha tunamkemea kana kwamba ametenda dhambi. Simu zote ziwekwe chumba kingine au zigeuzwe kifudifudi. Redio izimwe, hata kama ni mahubiri.

Kuna jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tunalo mkononi na hatulitumii. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua likizama: saa moja ya usiku ndiyo ya kwanza. Na wazee wa Pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wengi humaanisha usiku unaotangulia Ijumaa. Biblia nayo inahesabu hivyo hivyo: "ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja." Waadventista wa Kisii na Homa Bay wanaliishi hilo kila wiki, maana Sabato yao huifungua Ijumaa jua likizama, kwa ibada ya nyumbani. Kwa hesabu hiyo, sala ya jioni ndiyo inayofungua siku. Siku inaanza wewe ukienda kulala, Mungu akiwa kazini. Ukiamka unakuta kazi imeshaanza na unajiunga nayo. Mtu anayeomba jioni kana kwamba ni dakika za mwisho za mchezo, na bao lazima lipatikane kabla ya firimbi, ataomba tofauti kabisa na huyu.

Hizo dakika 12 zinagawanyika hivi. Dakika ya kwanza ni kimya. Kimya kabisa, mikono juu ya magoti, hakuna anayesema "Baba katika jina la Yesu". Dakika moja ya kimya ni ndefu kuliko unavyodhani, na watoto watacheka siku mbili za kwanza, waache wacheke. Kisha zaburi, kama dakika mbili. Chukua Zaburi ya 4, ambayo ina mistari minane tu na inaishia hivi: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara, maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Isomeni hiyo hiyo kila usiku kwa wiki mbili. Usitafute mpya. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa katika karne ya 6, aliagiza zaburi tatu za kulalia, ya 4, ya 91 na ya 134, zile zile kila usiku bila kubadilisha. (Ukikuta kitabu cha zamani cha Kikatoliki kinataja ya 90 na ya 133, ni zile zile, hesabu ya Kilatini hupishana kwa moja.) Faida ya kurudia ni kwamba baada ya siku kumi hivi watoto wanaijua kwa kichwa, na stima ikipotea hakuna anayetafuta koroboi. Faida ya pili ni yako wewe: umeniambia huna la kumwambia Mungu. Zaburi ni maneno ya kuazima. Anayeazima unga kwa jirani halali njaa, wala haitwi mvivu.

Baada ya zaburi, kila mmoja ataje jambo moja la siku hiyo, zuri au baya, kwa sentensi moja. Dakika tatu zinatosha watu watano. "Mwalimu alinichapa." "Niliuza gorogoro (makopo) saba ya omena." "Nilienda kutafuta kazi Obunga, nikaambiwa nirudi Jumatatu." Hakuna anayejibu, hakuna anayerekebisha, na hakuna anayelazimishwa kushukuru. Hapa pana kosa linaloumiza watu wengi. Maneno ya Paulo, "shukuruni kwa kila jambo", yakisomwa harakaharaka yanafanya mtu ajaribu kushukuru kwa sababu mama anaumwa. Kwenye Kigiriki neno ni "katika": katika kila hali, ukiwa ndani yake, tafuta cha kushukuru. Huambiwi ushukuru kwa ajili ya saratani. Unaweza, ukiwa wodini, kushukuru kwamba nesi wa zamu alikuwa mpole.

Kisha dakika moja ya msamaha. "Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka", asema Paulo kwa Waefeso. Nyumba yenye shida hukoseana kila siku, kwa maneno madogo: kuhusu pesa ya kiberiti, kuhusu nani alimaliza sukari. Aanze mzazi. "Leo nilikupigia kelele asubuhi, nisamehe." Sentensi moja, bila "lakini wewe pia". Makanisa yetu ya Kenya yaliguswa sana na uamsho wa miaka ya 1930, na wazee wa uamsho walifundisha kuungama kwa uwazi, lakini mwenye kuungama alitaja dhambi yake mwenyewe. Ukianza kuungama dhambi za mumeo mbele ya watoto, hilo ni jambo lingine.

Maombi yenyewe, dakika tatu. Chukua ile mistari ya M, isizidi mitatu kwa usiku mmoja. Kila jambo sentensi moja, kisha wote wanaitikia "Bwana, utuhurumie" au "Twakuomba utusikie". Dakika mbili za mwisho ni Baba Yetu, polepole, na baraka: wewe au baba yao, mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, "Bwana akulinde usiku huu." Amina. Vyombo.

Jumla 12. Ikifika 15 si neno. Ikifika 40, ujue daftari halikufanya kazi yake, au kuna mtu ameanza kuhubiri.

Kuhubiri ndani ya sala ndicho kirusi cha sala za nyumbani, na ndicho, nadhani, kinachomtoa mume wako nje. Sijasikia sala zako, kwa hiyo nisamehe nikikosea. Lakini pima sentensi kama hizi: "Bwana, wakumbushe wale ambao wameacha kutafuta kazi." "Bwana, mguse yule anayekaa na marafiki mpaka usiku." Macho yamefumbwa, Mungu ametajwa, ila mshale umeelekezwa kwa mtu aliye hatua mbili kutoka ulipo. Naye hawezi kujibu, maana nani hubishana na sala? Anachoweza ni kutoka. Mwanamume aliyesimamishwa kazi tayari anajiona amepungua mbele ya watoto. Jioni ikiwa ni saa ya kutajwa, atajifunza kuchelewa. Fanya jambo moja: kwa wiki nne usilitaje jina lake ndani ya sala ila kwa kumshukuru au kumbariki, na useme jambo halisi, kama "asante kwamba baba alirekebisha mlango." Mengine unayotaka kumwambia, mwambie yeye, mchana, macho yakiwa wazi. Kiti chake kibaki mezani hata akiwa nje. Ukimwalika, mwalike kwa kazi ndogo yenye mwisho. "Baba Otieno, utusomee zaburi ile fupi" inavutia kuliko "njoo uombe." Wanaume wengi wanaokataa kuomba kwa sauti hawakatai kusoma. Na akikataa, msimsubiri wala msimwombee kwa sauti ili asikie barazani.

Kuhusu watoto: wanajua. Wanajua mama ya mama ni mgonjwa, wanajua hakuna pesa, wanasikia mkinong'ona. Kuwaficha kabisa huwafanya wabuni jambo baya zaidi. Lakini kuwasomea hesabu yote ya madeni mbele za Mungu, deni la duka, deni la Fuliza (mkopo wa M-Pesa), kodi ya miezi miwili, ni kuwatwika gunia lisilo lao. Ukweli mfupi unatosha: "Bwana, nyumba hii inahitaji kazi. Nyanya ni mgonjwa. Tusaidie." Mtoto akiuliza kwa nini Mungu hajaleta kazi, mwambie hujui, na kwamba hata mfalme Daudi alimuuliza Mungu swali hilo hilo. Mpe mdogo kazi ya kuwasha mshumaa, lakini mshumaa ukae juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na chandarua, na uzimwe kabla ya baraka, usiachwe ukiwaka kwa ajili ya kukesha. Na mvua ya kwenu inayotoka ziwani ikipiga mabati hata hamsikiani, msishindane nayo. Shikaneni mikono, kila mtu aseme zaburi moyoni, mkifika mwisho bonyezaneni vidole. Watoto wataipenda hiyo kuliko yote.

Sasa kilio chako. Hiki kina mahali pake baada ya watoto kulala, dakika 10 au 15, na ndipo uwe mkweli kuliko ulivyo mezani. Karibu theluthi ya zaburi ni malalamiko, jambo ambalo mahubiri yetu mengi yanalipita kimya kimya. Zaburi ya 88 haina hata mwisho mzuri: neno la mwisho kwenye tafsiri yetu ya Union ni "gizani". Watu wa Mungu waliihifadhi hivyo, wakaiimba hivyo, na hakuna aliyeongeza mstari wa kutuliza. Kwa kuanzia, hata hivyo, nakupa ya 13, maana ina mistari sita na ina mifupa inayoonekana. Mistari miwili ya kwanza ni "hata lini" mara nne. Wa tatu na wa nne ni ombi. Miwili ya mwisho ni kuegemea. Weka ya kwako ndani ya mifupa hiyo:

Ee Bwana, hata lini utanisahau? Hata lini nitaamka saa nane nikihesabu shilingi? Hata lini mume wangu atarudi mikono mitupu? Hata lini mama atalala kwenye kitanda kile?
Uangalie, uniitikie. Nipe 3,000 za shule kufikia Ijumaa. Mpe daktari macho ya kuona ugonjwa.
Nami nimezitumainia fadhili zako.

Ona mambo mawili hapo. La kwanza, "hata lini" zinakwisha. Ni nne. Daudi angeweza kuandika arobaini, na usiku zinakuja arobaini kweli, lakini zaburi inakukata mkono: umesikika, sasa omba. Anayezunguka kwenye malalamiko bila kuvuka kwenda kwenye ombi anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. La pili, ombi lina kiasi na siku. Watu huogopa kuomba kwa kutaja kiasi, wakiona ni kumpangia Mungu. Lakini "Bwana fungua milango" ni ombi ambalo huwezi hata kujua likijibiwa. Taja unachohitaji, kisha umalizie kama alivyomaliza Yesu bustanini: si kama nitakavyo mimi. Na mstari wa mwisho, "nimezitumainia fadhili zako", useme hata kama moyo umekauka. Hausemi unavyojisikia, unasema mahali ulipoegemea mgongo.

Machozi yakija bila maneno, yaache. Paulo anawaambia Warumi kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Keti tu. Hiyo ni sala, na dakika zake zinahesabika.

Saa nane usiku ni suala tofauti. Usiamke kufanya maombi ya vita. Ukipaza sauti, ukatembea chumbani ukikemea, mwili unaelewa kuna hatari, moyo unapiga mbio, na usingizi hauwezi kurudi kabla ya alfajiri. Kesho yake huna nguvu za sokoni, jioni huna subira na watoto, na usiku unaofuata ni mbaya zaidi. Baki umelala. Chukua mstari mmoja na uugawe kwenye pumzi: ukivuta hewa, "Mikononi mwako", ukitoa hewa polepole, "naiweka roho yangu." Ni Zaburi ya 31, na ndiyo Yesu aliisema msalabani. Rudia mara 20 au 30. Ukiogopa kwamba huko ni kupayukapayuka alikokataza Yesu, kumbuka Gethsemane aliomba mara tatu akisema maneno yale yale, Mathayo ameandika hivyo. Alichokataza ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomlazimisha Mungu asikie. Likikujia jambo la pesa, nyosha mkono, liandike neno moja kwenye daftari kwa mwanga hafifu, urudi. Dakika 20 zikipita bado u macho, keti kitini gizani, bila simu, mpaka macho yawe mazito. Simu saa nane usiku ni adui mkubwa wa sala kuliko mapepo mengi yanayotajwa.

Tumfikie jirani yako, ambaye naamini anakupenda. Kukesha ni jambo jema na makanisa yetu yanajua kukesha. Lakini tazama mifano inayotumiwa. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa wamepigwa, miguu ikiwa ndani ya mkatale. Hawakuwa na kitanda cha kukiacha. Yesu alikesha usiku kucha kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili, na usiku mwingine alilala, tena fofofo, ndani ya chombo chenye dhoruba. Yule mjane aliyemsumbua kadhi, anayetajwa kila mkesha, alikuwa akimwendea-endea. Alirudi siku nyingi. Na ombi lake kwenye Luka 18 ni sentensi moja: "Nipatie haki na adui wangu." Udumifu wake ulikuwa kwenye kurudi, na ndio huo nakupa kwa dakika 12 kila jioni. Dhamiri yako ikikusuta kwamba ni fupi, mkumbuke mjane. Kama unataka kukesha, kesha mara moja kwa mwezi, usiku ambao kesho yake huendi sokoni, pamoja na wenzako wa jumuiya au ushirika, ili wewe upumzike wao wakiomba. Kukesha peke yako kila usiku chumbani kunakuacha mpweke na mchovu, na hofu hupenda mtu wa hali hiyo.

Eliya alipokaa chini ya mretemu akiomba afe, Mungu hakumhubiria. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa, akapewa tena. Maneno yalikuja baadaye, baada ya siku arobaini. Kwa hiyo kula, hata kama ni uji. Usifunge kula sasa hivi. Na mtu yeyote nyumbani anayetumia dawa za presha, kisukari au VVU (ARV) asiache dozi kwa sababu ya mfungo wa aina yoyote.

Kuhusu mbegu nitasema waziwazi. Pesa ya karo si mbegu. Mtu akikupa nambari ya paybill ya kulipia kwa simu na kusema muujiza wako unangoja kiasi fulani, anauza, na ameuza kwa mtu aliyekata tamaa. Jiwekee sheria ya nyumba: hakuna pesa inayotumwa popote kwa sababu ya kiroho baada ya saa mbili usiku. Ukitaka kutoa, toa Jumapili mchana, kiasi ambacho mume wako anakijua. Na imani ndogo? Yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku ile ile. Hakuna aliyempima kwanza.

Kuna dalili ambazo sala peke yake haitoshi kuzibeba: ukikosa usingizi usiku mwingi kwa zaidi ya wiki mbili, ukiacha kula, mikono ikitetemeka, ukiona afadhali usiamke, au mawazo ya kujidhuru yakipita hata mara moja. Hapo mwambie mtu siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Nenda hospitali, hata ile kubwa watu wa Kisumu wanaiita Russia, useme wazi: silali, na nina mawazo haya. Ongea na mchungaji au katekista pia, lakini daktari usimruke. Na umwangalie mume wako kwa jicho hilo hilo. Wanaume wa kwetu husema "nimechoka tu".

Umebaki mama yako. Usijaribu kumwombea kwa saa nyingi ukiwa mbali na kujilaumu kwamba hauko kando yake. Zile siku ambazo huwezi kwenda, mpigie baada tu ya sala ya watoto, simu ikiwa kwa sauti kubwa katikati ya meza. Usimuulize maswali ya hospitali, wagonjwa huchoka kujibu hayo. Msomeeni Zaburi ya 121, mistari minane, kila mtoto miwili miwili na wewe miwili ya mwisho, kwa lugha anayoipenda, hata kama ni Dholuo na mdogo anaisoma kwa kukwama. Inachukua dakika mbili. Akitaka kuitikia ataitikia. Akisinzia katikati, teremsheni sauti, malizieni mpaka pale "utokapo na uingiapo", kisha kata simu bila kuaga.